Prosesa Aliyoichagua Baba

Ng'ombe alikuwa wa baba, kwa hiyo kompyuta ilichaguliwa na baba. Nianze na hilo, maana watu wakinisikia nalalamika hudhani nilitapeliwa mjini. Sikutapeliwa. Nilikuwa na akili zangu timamu, na nilijua.

Nina stesheneri ndogo hapa Lushoto, karibu na soko. Natoa kopi, nachapa barua, na zaidi ya yote nawajazia vijana maombi ya vyuo, ambayo siku hizi yako kwenye mtandao. Kompyuta yangu ya kwanza ilipokufa, baba aliuza ng'ombe wake kule Vuga ili ninunue nyingine, kwa sharti moja: mjukuu wake, binti wa dada yangu, nimjazie fomu ya chuo cha uuguzi. Binti alikuwa amefaulu vizuri. Katika ukoo wetu hajatokea muuguzi hata mmoja, na baba alikwisha kuitangaza habari hiyo msikitini kama mtu anayeozesha binti.

Tukashuka Tanga, mimi na yeye. Kwa wiki mbili nilikuwa nasoma kwenye simu habari za prosesa, ile sehemu inayofanya kazi ya kufikiri ndani ya kompyuta. Nilielewa kwamba namba iliyobandikwa nje si kitu kama hujui toleo lake ni la mwaka gani. Namba ndogo ya juzi humshinda kaka yake mkubwa wa zamani, na umeme haili. Muuzaji, fundi mmoja mpole, akaniambia hayohayo. Aliweka mbili mezani, bei ileile: sanduku dogo lenye prosesa ya namba tatu, toleo jipya, na sanduku kubwa la mtumba lenye namba saba, toleo la zaidi ya miaka kumi nyuma.

"Mgosi, kwa kazi yako chukua hii ndogo," alisema.

Baba akayainua yote mawili, moja baada ya jingine, akayapima mkononi anavyopima kabichi shambani. Kabichi nyepesi haijafunga, hiyo waachie mbuzi. Na lile la saba lilikuwa zito kweli, lichuma tupu.

"Hili limejaa," akasema. "Na saba si tatu."

Fundi akanitazama mimi. Mimi ni mtu mzima, nina mke na watoto wawili, na kwa watu baki mdomo ninao, waulize wateja wangu. Lakini kumkosoa baba mbele ya mgeni, tena juu ya kitu cha ng'ombe wake! Kwetu mtu hafanyi hivyo. Wanasema heshima si utumwa. Siku ile kwangu ilikuwa utumwa, nikaitikia kwamba ndiyo, lile zito ndilo lenyewe. Fundi akalifunga kwa kamba.

Liliunguruma tangu siku ya kwanza. Likifanya kazi nusu saa linapata moto, linajizima. Nikalifungua ubavu, nikalielekezea feni ya mezani, na bado lilijizima. Baba akipiga simu kuuliza, namwambia linakwenda vizuri sana. Funika kombe mwanaharamu apite.

Siku ya mwisho ya maombi ya kile chuo, dirisha lilikuwa linafungwa saa kumi jioni. Cheti cha kuzaliwa cha binti kilitoka jana yake, kwa hiyo hakuweza kuja mapema zaidi. Alifika saa nne asubuhi, akakaa kwenye benchi na bahasha yake mapajani. Mara tatu nilijaza fomu mpaka kwenye kupakia vyeti, mara tatu mashine ikajizima, nikaanza upya. Saa saba akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama aende stesheneri ya jirani, hatua chache tu kutoka kwangu. Mashine ya pale ilikuwa nzima. Ningesema ndiyo, yangekwisha. Lakini niliwaza watu watakavyocheka kwamba mzee kauza ng'ombe na mjukuu wake kajaziwa fomu kwa jirani. Nikaona aibu.

"Subiri, mwanangu," nikamwambia. "Itakubali."

Akasubiri. Mtoto wa kwetu akiambiwa subiri na mjomba wake, anasubiri. Saa kumi kasoro dakika tano nikabonyeza kutuma, na skrini ikawa nyeusi. Ilipowaka tena, dirisha lilikuwa limefungwa.

Tulikwenda Vuga pamoja kumwambia baba. Nilimwambia tu kwamba fomu haikufika. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia binti.

"Mashine nilichagua mimi mwenyewe. Wewe ndiye uliyechelewa. Mtoto mzembe simsomeshi."

Nilikuwa nimekaa katikati yao. Nilijua neno la kusema, lilikuwa fupi, na sikulisema. Binti alinitazama mara moja tu. Kisha akapiga goti.

"Ndiyo, babu. Nisamehe."

Huu ni mwaka wa pili anapalilia karoti za watu kwa kibarua. Nikipita kando ya shamba hunyanyuka, hufuta udongo mikononi kwenye kanga, huniamkia. Nami, Mungu anisamehe, naitikia marahaba.