Ushindi wa Mezani Niliowapa Watu Walio Likizo

Naandika haya masikio yakiwa bado ya moto. Niliacha shule mapema, nikatangatanga hadi Marekani, na kila kazi imenitema. Safari hii niliapa kudumu, hapa kwenye mgahawa wa dada Rehema, Gaithersburg, nje kidogo ya jiji la Washington.

Ukutani kuna ubao wa matokeo ya timu ya mpira wa Kimarekani ya Washington. Dada Rehema alinikabidhi chaki akasema, "Mdogo wangu, wateja wanauamini ubao huu. Ukinikosea, utafute pengine."

Basi nikachimbua gazeti mstari kwa mstari. Nikaona wiki moja timu yetu haina mpinzani. Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni Tanga: wenzako wasipofika uwanjani, unapewa ushindi wa mezani. Nikauandika, tena kwa mbwembwe.

Jana akaingia mchezaji wa timu yenyewe, pande la mtu. Dada Rehema akampeleka kwenye ubao kwa fahari. Jamaa akakunja uso.

"Huu ushindi wa mwisho tulimfunga nani?"

"Hawakutokea, kaka," nikamjibu kwa Kiingereza changu. "Si mliwasubiri uwanjani?"

"Wiki hiyo nilikuwa kwa mama, nakula na kulala. Kila timu hupewa wiki ya kupumzika."

Sasa mimi ningejuaje kwamba mibaba kama ile hupangiwa likizo katikati ya ligi?

Dada Rehema aliufuta ushindi wangu kwa kiganja, mbele ya wateja wote, kisha akaninyooshea mkono nimrudishie aproni.