Chai Baada ya Jibu

Wifi yangu ana kazi ya kunusa nyumba za watu, na analipwa kwa hilo. Siku kaka yangu aliponiambia anataka kuoa, nilimuuliza huyo mwanamke anafanya kazi gani, akanijibu kwa fahari, "Ananusa." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sasa miaka imepita, sote tuna mvi, naishi nao nyumba moja tangu mume wangu alipofariki, na bado namtania wifi kwamba kaka alioa pua, yeye mwenyewe akaja kama nyongeza.

Kazi yenyewe si mzaha. Anafundisha wakaguzi wa nyumba, wale wanaoitwa mtu anapotaka kununua au kupanga, waangalie kama nyumba ni nzima. Wakaguzi wengine hutafuta nyufa na paa linalovuja. Wanafunzi wa wifi hujifunza kutafuta ubaya uliojificha: rangi za zamani zenye madini ya risasi, mapaa ya asbesto yanayotoa vumbi la kuharibu mapafu, na hasa zile bodi za jasi, ambazo mafundi huziita jipsamu, zilizotengenezwa kwa malighafi chafu. Ukizitazama bodi hizo ni nyeupe, nyoofu, zinapendeza. Kumbe zimebeba salfa, na joto likipanda zinaanza kuitoa. Chumba kinanuka kiberiti au mayai viza. Nyaya za shaba zinakuwa nyeusi ndani ya ukuta, friji inakufa kabla ya siku zake, watu wanawashwa macho na kuumwa kichwa, na mwenye pumu hapati usingizi.

Darasa lake ni chumba kimoja nyuma ya karakana. Kabatini ana chupa za jamu zilizooshwa, na ndani ya kila chupa kuna kipande cha bodi na kipande cha waya wa shaba aliousugua mwenyewe mpaka ukang'aa. Kwenye chupa nyingine waya bado unang'aa. Kwenye nyingine umekuwa mweusi tii. Mwanafunzi anafungua mfuniko, ananusa, anafunga, anasema alichosikia. Akijaribu kunusa tena ili kuhakikisha, wifi anamnyang'anya chupa.

"Pua iulize mara moja tu," huwaambia. "Ikikaa kidogo inazoea. Ikishazoea, itakuapia kwamba hakuna kitu."

Ndiyo maana wanafunzi wake wakifika mlangoni kwa mtu husimama kimya kwanza, hawasalimii, wanavuta pumzi. Wenye nyumba huona ni kukosa adabu. Na wakishamaliza kukagua, ni marufuku kugusa chai ya mwenye nyumba kabla hawajampa jibu. Hiyo nilimwambia waziwazi kwamba ni roho mbaya.

"Ukishakunywa chai ya mtu, ulimi unalainika," alinijibu. "Utaona waya mweusi, useme ni kivuli. Wewe mwenyewe, wifi, mteja akikuletea soda kabla hujampima nguo, si unamwambia amepungua?"

Mimi ni mshonaji, na aliyoyasema nayafanya kila wiki.

Kaka yangu ni fundi wa dari, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, na wana mtoto mmoja tu, binti aliyeolewa mji mwingine. Binti huyo mimba zake zilikuwa zikitoka. Tulishazoea kupokea simu na kusikia kilio upande wa pili. Halafu ikaja mimba moja ikang'ang'ania. Alipofika mwezi wa saba alipiga simu, akasema anataka kujifungulia kwa mama yake, na alee mtoto hapa mpaka apate nguvu. Ana pumu tangu akiwa mdogo, kwa hiyo hakutaka kubanana na sisi kwenye vyumba vya mbele vyenye vumbi la vitambaa vyangu.

Kaka akamjengea chumba upande wa nyuma. Hakuajiri mtu. Kuta za jipsamu, dari ya jipsamu, na katikati ya dari akatengeneza duara lenye maua madogo pembeni, la kumfanya mtoto awe na kitu cha kutazama. Alipomaliza alilala chali sakafuni akaitazama kazi yake, kisha akaniita na mimi nije nilale niitazame. Nikamwambia mgongo wangu ukienda chini haurudi. Nikalala hivyohivyo, kwa sababu sijawahi kumwona kaka yangu akiwa na furaha kiasi kile.

Wifi akahamishia humo kabati la nguo za mtoto. Kila jioni akitoka kazini alikuwa anakaa humo akikunja vinguo ambavyo alishavikunja jana yake. Kwenye droo aliweka bangili yake ya fedha, zawadi ya kwanza aliyopewa na kaka, akisema atamvisha binti siku akijifungua salama. Bangili ikaanza kufifia, kisha ikawa na weusi. Akawa anaisugua kwa dawa ya meno.

"Jasho langu limekuwa kali siku hizi," aliniambia. "Ndio uzee huu."

"Si jasho," nikamwambia, "ni ukali wa moyo wako unatokea mikononi."

Tukacheka mpaka machozi. Na kichwa kikimuuma jioni, alisema macho yake yanataka miwani.

Mafunzo yake huishia kwenye nyumba mbili. Moja mbovu, moja nzima. Nzima lazima iwepo, husema, la sivyo atawafundisha watu kuona ugonjwa kila mahali. Mara hii mwenye ile nyumba nzima alisafiri na funguo, na wifi hakutaka kuwaahirishia wanafunzi.

"Njooni kwangu," akawaambia. "Nyumba nzima hiyo hapo."

Walikuja watatu: mzee mmoja aliyepiga plasta maisha yake yote na kila mtu alimwita Mzee wa Plasta, fundi umeme mmoja mwenye maneno mengi, na dada mmoja aliyekuwa msusi kabla mikono haijaanza kumuuma, nao wakamwita Msusi hivyohivyo. Walisimama mlangoni kimya. Kaka alichungulia kutoka jikoni, akaninong'oneza, "Hawa wamefiwa?" Nikambana mbavu anyamaze.

Wakazunguka nyumba nzima. Mimi niliendelea kukanyaga cherehani yangu sebuleni. Nilisikia wakizima umeme, wakifungua soketi, wakiulizana kwa sauti ya chini. Chumba cha nyuma walikawia. Mzee wa Plasta alitoka akijifuta macho. Fundi umeme alitoka bila neno, na hapo ningepaswa kujua, maana yule hakai bila neno. Msusi alitoka mwisho, bisibisi mkononi, anatazama viatu vyake.

Kaka naye akatokea na sinia. Alikuwa amechemsha chai ya maziwa, amepanga vikombe vya wageni, amevaa shati la kutokea. Sheria ya mkewe alikuwa anaijua, lakini hakudhani inahusu nyumba yake.

"Karibuni chai, wanangu. Chumba cha nyuma mmekionaje? Nimekijenga mimi, mikono hii hii. Binti yangu anakuja kujifungua."

Mzee wa Plasta akachukua kikombe. "Nyumba nzuri, mwalimu," alisema, akimtazama wifi kidogo tu. "Nzima kabisa."

"Nzima," akasema fundi umeme, naye akachukua chake haraka, akanywa, akaungua.

Msusi hakuchukua. Kaka akamsogezea sinia. Akarudi nyuma hatua moja.

"Samahani, baba. Siwezi."

"Chai yangu ina nini?" Kaka alikuwa anatabasamu bado, ila tabasamu lilianza kuchoka. Mgeni kukataa chai yako mbele ya watu ni jambo zito, na kaka yangu si mtu wa kukataliwa chai.

Wifi alikuwa ameketi pembeni na kalamu yake. Nikamwona anainua kichwa. Alimtazama Msusi, akavitazama vikombe viwili vilivyokwisha kunywewa, na nikaona uso wake unabadilika kabla hajaambiwa neno.

"Sema," akamwambia Msusi. "Usiniambie mimi. Mwambie mwenye nyumba."

Yule dada akapiga moyo konde, akamgeukia kaka, akamwambia kwa heshima zote, "Baba, shikamoo. Naomba unisamehe. Chumba cha nyuma kinanuka mayai viza. Nimefungua soketi zote, waya za shaba zimekuwa nyeusi. Ni zile bodi. Mjamzito asilale humo, baba. Wala mtoto."

Kaka akabaki na sinia mikononi. Nilitaka kusema kitu, yaani nilitaka kumtimua yule msichana na bisibisi yake, maana kaka ni wangu na sikupenda alivyonywea pale mbele ya wageni. Lakini kaka alinitangulia, akaliweka sinia chini polepole, akasema, "Nimemjengea mwanangu sumu," akatoka uani.

Wifi hakumfuata mara moja. Kwanza alimwendea Msusi, akamshika mikono yote miwili ile inayouma, akamwambia, "Umefaulu." Kisha akawageukia wale wawili, ambao chai ilikuwa imewakauka kooni. "Nyinyi rudini wiki ijayo. Hamkukosa pua. Mlikosea kwa kuniogopa mno, au kwa kunipenda mno, sijui. Tutaongea."

Halafu akaenda chumba cha nyuma. Alitoka na bangili, akatoka nayo uani, nami nikasogea dirishani bila aibu. Kaka alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wifi akapiga magoti mbele yake, akamwekea bangili kiganjani.

"Iangalie."

"Imekuwa nyeusi."

"Imekuwa nyeusi siku nyingi. Mimi, mwalimu, ninayewaambia watu fedha ikibadilika rangi wakague kuta, niliisugua kwa dawa ya meno nikasema ni jasho. Kichwa kiliniuma nikasema ni macho. Nimekaa humo kila jioni na pua yangu hii mnayoisifia, mume wangu, na sikusikia kitu. Nilikuwa nasikia raha tu."

Kaka aliigeuzageuza bangili muda mrefu. Kisha nikamsikia akisema, "Kumbe nilioa pua ya kazini tu, ya nyumbani sikupewa." Wakacheka, na kicheko kikawavunjikia katikati, wakalia wote wawili. Mimi pia, dirishani, na pindo la mteja nililifutia kamasi.

Kesho yake walifunga vitambaa usoni na kaka akaibomoa kazi yake bodi moja baada ya nyingine, mpaka lile duara lenye maua. Nilimwomba alibakize kipande. Akanikatalia. Aliyemuuzia bodi hizo ana hadithi yake, na siku nikiisimulia itabidi nitukane. Fundi umeme alirudi akabadilisha nyaya zote bila kuambiwa, na Mzee wa Plasta akajenga kuta upya kwa matofali na plasta, akikataa hata maji ya kunywa mpaka amalize. Wifi alitundika kipande cha waya uliong'arishwa kwenye msumari wa ukuta mpya, na kila asubuhi alienda kukitazama. Kiliendelea kung'aa. Hata hivyo hakutulia. Alikuwa anaingia na kutoka, anasimama mlangoni, ananusa, anatikisa kichwa.

"Siiamini tena," alisema, akijigusa pua. "Humu ndani siiamini."

Binti akafika mchana, tumbo mbele, mkono kiunoni. Alitaka kumkumbatia mama yake pale kizingitini.

"Usinisalimie," wifi akamzuia. "Nenda chumba cha nyuma. Simama mlangoni, vuta pumzi, sema unachosikia. Mara moja tu."

"Mama jamani, nimetoka safari."

"Fanya anavyokwambia," nikamwambia mimi.

Binti akasimama, akafumba macho, akavuta pumzi mpaka mwisho. Kifua hakikumbana. "Plasta," akasema. "Sabuni ya kufulia." Akafumbua macho. "Na nyumbani. Kunanukia nyumbani."

Badala ya kufurahi, wifi alibadilika rangi. "Nyumbani kunanukiaje?" aliuliza kwa ukali. "Sema sawasawa. Kiberiti? Mayai?"

Binti akageuka, akaona macho ya mama yake, akaelewa kwamba si mchezo. Akamwekea paji la uso shingoni. "Kunanukia wewe, mama. Chaki, na yale mafuta yako ya nywele. Basi."

Wifi akamshika, na tumbo lile likiwa katikati yao, akalia bila kujificha.

Mimi nikageuka kutafuta leso. Nyuma yangu, koridoni, kaka alikuwa amesimama na sinia, vikombe vya wageni vimepangwa, chai imeanza kutanda utando. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi.

"Jibu limeshatoka?" akaninong'oneza. "Naweza kupita?"