Nilimuuzia Rafiki Yangu Hariri ya Uongo

Kosa ni langu, msinitafutie mtu wa kusingizia. Nauza vitambaa soko la Oyugis, na nimedanganya watu kuhusu hariri mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuuamini uongo wangu!

Si mnajua wateja wetu! Mwambie kitambaa ni polista, anakunja pua. Mwambie ni hariri, anavuta kiti. Basi nikasoma kwa simu. Hariri ya China inatokana na viwavi wanaokula majani ya mforsadi. Ya India, kuna ya viwavi wanaolishwa majani ya mbarika, na kuna ile ya rangi ya dhahabu, ya Assam. Nilieleza kama profesa, na vyote vilitoka bunda moja la polista!

Akaja Min Achieng, yaani Mama Achieng, kutoka Kendu Bay, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Baada ya miaka ishirini na watoto watano, mzee wake alikuwa amekubali harusi ya kanisa.

"Nyaminwa, dada yangu, nipe kitu hata pasta ameze mate."

Nikamkatia ile "dhahabu". "Hii ni Assam yenyewe. Piga pasi moto kabisa, hariri haiogopi."

Loo, mdomo huu!

Asubuhi ya harusi, shemeji yake akaweka pasi ya makaa kwenye gauni. Kitambaa kikayeyuka kama karatasi ya plastiki. Shimo kifuani, kubwa kama sahani! Na mimi niko hapohapo, najipaka poda.

Shangazi yake, aliyewahi kufuga viwavi wa hariri na kikundi cha akina mama, akachomoa uzi, akauwasha kiberiti.

"Hariri hunuka kama nywele zikiungua, ikabaki jivu. Hii imekuwa gololi. Nani aliuza?"

Wote wakanigeukia.

Min Achieng hakulia. Alivaa gauni lake la Jumapili. Mlangoni akaniambia, "Wewe baki na Assam yako."

Nyimbo za harusi nilizisikilizia barabarani, nimepambwa kama bibi harusi. Mjinga wa watu!

Sasa akija soko anasalimia kila meza, yangu anairuka. Mwezi jana amepata mjukuu wa kwanza. Habari hiyo nimeambiwa na muuza nyanya!

Wenzangu wauza vitambaa, polista iiteni polista. Huyo mnayemdanganya leo anaweza kuwa ndiye pekee aliyewaamini.