Jicho Langu na Majani ya Chai

Mwaka ule wa sabini na kitu, nikiwa mkamwana mpya upande wa Nyamira na mimba yangu ya kwanza, niliogopa macho yangu mwenyewe. Usicheke. Kwetu kuna watu wanaosemwa kuwa wana jicho: wakimtazama mtoto mchanga anaugua, wakimtazama ng'ombe maziwa yanakauka. Shangazi yangu alisemwa hivyo mpaka akahama. Nilipoolewa, maneno hayo yalifika kwa wakwe kabla ya sanduku langu la nguo, ila hakuna aliyenitamkia usoni. Mpaka mambo ya kitalu.

Kitalu chetu cha chai kilikuwa nyuma ya jikoni. Tulikuwa tumeacha kupanda mbegu. Ulikata kijiti kifupi chenye jani moja, ukakichomeka udongoni, ukafunika kitalu chote kwa karatasi ya nailoni, na juu yake ukatandika majani ya kangaga kuzuia jua. Halafu unangoja mizizi. Jani hilo moja ndilo kila kitu. Likianguka kabla ya mizizi kutoka, kijiti kimekufa. Mume wangu alikuwa mbali kikazi, kwa hiyo kumwagilia na kuchungulia ilikuwa kazi yangu.

Mwanzoni vijiti vilisimama vizuri. Kisha asubuhi moja nikainua nailoni, nikakuta majani yamegeuka njano na mengine yamelala chini. Nikadhani ni jua, nikaongeza kangaga. Yakaanguka mengine. Nikadhani ni kiu, nikamwagilia. Wapi! Kila nilipochungulia, yalikuwa yameanguka mengine.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, na kila neno lake lilikuwa na meno. Siku moja alisimama nyuma yangu akayaangalia majani yale.

"Nani huchungulia humu?" akauliza.

"Ni mimi."

"Wewe tu?"

"Mimi tu."

Jioni, tukimenya ndizi za kupika, akasema bila kuniangalia: "Mtoto akizaliwa, atalala kwangu. Utaletewa umnyonyeshe ukiwa umejifunika uso."

Na kibaya zaidi, nilimwamini! Kama macho haya yaliweza kuua majani ya chai, yangemfanya nini mtoto wa siku moja? Kanisani siku ya Sabato nilikaa nyuma kabisa, uso chini, nisije nikamwona mtoto wa mtu. Tumbo likicheza nililishika nikamwambia aliyemo, tulia humo humo, usiwe na haraka.

Bwana shamba alikuja wakati huo, kijana wa pwani, Kiswahili chake laini mpaka ukaona haya kufungua mdomo. Mama mkwe alimwonyesha kaburi la mumewe kando ya njia, kijana akatoa pole zake, kisha mama akaingia jikoni na mimi nikampeleka kitaluni. Nilisimama mbali naye, nikiangalia miguu yangu. Alichuchumaa, akainua nailoni, akanusa.

"Ala! Mbona humu mnanukia ndizi mbivu?"

Nyumba yetu yote ilinukia ndizi, pua yangu ilikwisha kuzoea. Akapeleka mkono kwenye pembe ya mbali, ambako sikuwa nikifunua, akatoa chane ya ndizi iliyofungwa kwa majani makavu. Nusu zilikuwa zimeiva. Ule ufungaji niliujua.

"Nani ameziweka humu?"

"Ni baba," nikasema.

"Baba yupi?"

"Baba wa hapa nyumbani. Yuko jikoni, anapika."

Chane ilimponyoka. Akatazama kaburi, akatazama moshi wa jikoni. "Dada," akasema polepole, "si nimeonyeshwa kaburi lake sasa hivi?"

Lo! Kwa Kigusii, baba ni mama. Baba yako unamwita tata. Kiswahili chote cha shule kilikuwa kimenikimbia kwa hofu, nikabaki na cha kwetu. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini, na mama mkwe akatoka kuona nani anacheka mbele ya kitalu kinachokufa.

"Nilimwekea huyu," alisema alipoulizwa, akinionyesha kwa kidevu. "Humo mna joto, zinaiva upesi. Zikiisha naweka nyingine. Ana mimba, lazima ale."

Nilitaka kulia. Mwanamke aliyepanga kuninyang'anya mtoto alikuwa ananifichia ndizi!

Bwana shamba akaokota kijiti kimoja. Ndani ya jani, alisema, mna punje za kijani ndogo ambazo jicho halizioni. Zinapika chakula kwa jua, na jani likishiba linatuma habari chini, toeni mizizi. Jua likizidi, punje hizo hizo ndizo hupiga kelele za kwanza, na mmea unaacha kukua ujiokoe. Ndizi nayo ikiiva hutoa hewa inayoziambia nyingine ziive. Ukiifungia hewa hiyo ndani ya nailoni, jani la chai linaisikia, linadhani limezeeka, linajiachia.

"Kwa hiyo si kuangaliwa?" nikauliza.

"Kuangaliwa? Dada, jani halijui kama unaliangalia."

Mama mkwe alikunja uso. "Basi ndizi zitoke, yeye abaki. Atachungulia kila asubuhi, nami nikimwona. Yakianguka..."

Asubuhi ya kwanza nilishindwa kuinua nailoni, akaniinulia yeye. Jani moja lilikuwa limeanguka. Akafyonya. Nikasema bwana shamba alituonya kwamba yaliyokwisha kuwa njano yatakwenda tu, lakini alikwisha kugeuka. Sikula siku hiyo. Asubuhi zilizofuata nilitazama huku nikiomba kimoyomoyo, naye ananitazama mimi, si chai. Yaliyobaki yakashika. Majuma yakapita, akang'oa kijiti kimoja, akakipindua. Chini palikuwa na mizizi myeupe, myembamba kama uzi. Akakirudisha udongoni, akakishindilia kwa kidole gumba, akaenda zake. Kuhusu mtoto, hakusema neno.

Uchungu ulinishika nikiwa nyumbani kwake, na yeye ndiye aliyenizalisha. Niliposikia mtoto analia, nilivuta shuka haraka nikajifunika uso mwenyewe, nikaishika kwa mikono miwili.

Aliivuta. Niliing'ang'ania, akaivuta tena kwa nguvu, kisha nikasikia uzito wa mtoto kifuani.

"Fungua macho," alisema. "Mtazame mwanao."

Nikafungua moja kwanza.