Bwana Marufuku Apaka Ngazi Rangi

Msimamizi wa jengo letu tulimpa jina la Bwana Marufuku, na jina likamganda. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alilipenda tu hilo neno kupita kiasi. Kwake, "tafadhali usiegemee ukuta" lilikuwa ombi, na ombi hukataliwa. "Hairuhusiwi" ilikuwa lugha ya waoga. Lakini ukiandika MARUFUKU kwa herufi kubwa nyekundu, alisema, hata mkaidi hufyata mkia. Basi akapiga marufuku kuburuta viti, kupiga mluzi ngazini, na baada ya ugomvi mkali na njiwa, akapanda akaandika juu ya paa: MARUFUKU KUTUA. Njiwa hawakutii, nao sijui walisomea wapi.

Siku binti yake wa pekee alipokuwa anaondoka kwenda kufanya kazi ng'ambo, mzee hakutaka kusema kwamba ana uchungu. Akatafuta kazi. Gari lingekuja jioni, kwa hiyo binti aliposhusha sanduku lake na kwenda kuaga majirani, baba mtu alitundika kibao cha MARUFUKU KUKANYAGA, RANGI MBICHI, akaanza kupaka ngazi rangi nyekundu. Alianzia chini, akapanda kinyumenyume kwa ustadi mkubwa mpaka mlangoni pake, ghorofa ya tatu. Hapo ndipo akili ikamrudia: yeye yuko juu, na ngazi nyingine hakuna.

Mara honi ikalia.

"Baba, shuka tuagane!" binti akaita kutoka uani. "Ndege itaruka mapema, naondoka sasa hivi!"

"Ni marufuku kukanyaga, mwanangu!"

"Nani kasema?"

"Mimi!"

Wapangaji tulikuwa tumejaa uani, mbavu hatuna. Dereva akapiga honi tena, akawasha gari, na kicheko kikatukauka. Mimi nilipandwa na hasira, nikataka kwenda kumburuta.

"We mzee!" mama mshonaji akapayuka. "Mtoto anaondoka, utabaki kukumbatia hicho kibao?"

Ghafla tukasikia kishindo. Alishuka pekupeku, akateleza, akaketi, akateleza tena, hadi akatua mbele ya binti yake akiwa mwekundu toka nyayo mpaka makalio. Binti alicheka sana, halafu kicheko kikageuka kilio.

"Marufuku kulia," baba akasema, akimfuta machozi kwa kiganja chenye rangi.

Binti akamtazama miguu, kisha akamtazama macho.

"Baba, sasa umevunja mbili."