Wimbo wa Kumenyea Ndizi

Asubuhi ya kumzika mke wake, Abdiel alitoa spika stoo akaanza kuzifunga mwenyewe. Kazi yake ndiyo hiyo. Pale Kikatiti na vijiji vya juu hakuna msiba mkubwa ambao hajauwekea vyombo vya sauti.

"We Abdiel, mfiwa gani anavuta nyaya?" walimtania wanaume waliokuwa wakichimba kaburi migombani. "Kaa chini, tumwite fundi wa hapo jirani, Usa."

"Wa Usa ataacha maiki zipige miluzi," alijibu, akaendelea kuvuta.

Ukweli ni kwamba alipokaa chini hakujua mikono aiweke wapi. Tangu daktari alipompa habari, mwili wake wote ulikuwa kama ufizi uliopigwa ganzi: unajua jino limeng'olewa, lakini maumivu huyaoni. Watu walimpa pole, naye akazipokea kama anayemshikia mtu mwingine mzigo.

Marehemu Evaresta alikuwa Mchaga wa Kibosho, Mkatoliki tangu tumboni mwa mama yake. Alipoolewa na Abdiel, Mmeru na Mlutheri, alihamia kanisa la mume kama desturi inavyotaka. Hakubishana. Aliingia kwaya akashika sauti ya pili, akashona sare, akapika kwenye harusi za usharika. Ungemuuliza mtu yeyote, angekuambia Ulutheri umemkaa mama huyu kama kanga yake. Hata Abdiel angesema hivyo.

Kisha ikaja kwaya ya wageni kutoka Uingereza kuimba usharikani. Abdiel aliwatengenezea maiki iliyokuwa inakatakata, nao wakamwachia CD yao. Zilikuwa nyimbo za Mungu zisizo na kinanda wala ngoma, sauti tupu, zinazokaa juu ya neno moja mpaka unajiuliza hawa watu watavuta pumzi saa ngapi. Mkalimani alisema zimetungwa na mama mmoja wa huko kwao, tena yu hai, anatunga mpaka leo. Abdiel alisikiliza besi, akaona imerekodiwa safi, basi.

Evaresta ndiye aliyeng'ang'ana na wimbo wa nne. Kila jioni akivuta beseni la ndizi husema, "Niwekee wangu." Anamenya, midomo inachezacheza, maganda yanaanguka.

"Unasikia nini humo, na Kiingereza hujui?" Abdiel alimuuliza mara moja.

"Wewe pima besi, baba. Mimi niache nimenye ndizi." Akacheka. Halafu, bila kuinua kichwa, akasema, "Siku nikiondoka, uniwekee huu wakati wanafukia. Kwaya ikapumzike."

"Uondoke uende wapi?"

"Nijibu."

"Nitakuwekea."

Sasa katika ile ganzi kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu alichoweza kukishika, nacho ni hilo neno alilomwahidi. Kabla ibada haijaanza alimfuata kaka yake Sifaeli, mzee wa kanisa, aliyekuwa akisimamia mazishi. Kwa Sifaeli, Abdiel hakuwahi kusema hapana tangu utoto.

"Kaka, wakati wa kufukia kuna wimbo wake. Ni wa wale Wazungu."

"Mradi uwe wa Mungu," Sifaeli alisema. "Na usiwe mrefu."

Jeneza likashushwa. Mchungaji akarusha udongo, wanaume wakashika makoleo. Abdiel akasimama nyuma ya mashine yake, akawasha wimbo wa nne. Sauti zikaenea migombani, waombolezaji wakatulia. Sifaeli akainamisha kichwa, kisha akakiinua ghafla. Aliwahi kuwa dereva wa mapadri kwa miaka mingi, na sala zao alizijua.

Alikuja mbio, koti likipepea. "Abdiel! Nimesikia Maria."

"Maria?"

"Hiki si Kiingereza, bwana wewe, ni Kilatini! Hii ni Salamu Maria! Unamzika Mlutheri kwa Salamu Maria, na mchungaji amesimama pale? Zima!"

Mchungaji alikuwa anatazama viatu vyake.

Abdiel akapeleka kidole kwenye kitufe. Hapo ndipo alipomwona Agnela, dada wa marehemu, amesimama na watu wa Kibosho upande wa pili wa kaburi. Alikuwa amefanya ishara ya msalaba, na midomo yake ilikwenda sawa na zile sauti, tena ikitangulia kidogo, kama ya mtu anayejua neno linalokuja. Abdiel aliijua midomo ile. Aliiona kila jioni juu ya beseni la ndizi, akadhani mke wake anafuatisha tuni. Kumbe alikuwa anasali.

Alingoja kitu kimpate kifuani. Hakikuja. Aliona tu mambo yalivyo, kama fundi anayefungua redio inayocheza vizuri na kukuta ndani kuna waya ambao hakuufunga yeye.

"Zima, nimesema."

"Kaka, bado hawajamaliza kufukia."

"Unasemaje?"

"Nilimwahidi. Hawajamaliza."

Hakupaza sauti, hakuwa na sauti ya kupaza. Sifaeli alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza, akageuka akaenda zake turubaini. Wimbo ukaisha kabla ya udongo. Abdiel akaurudisha mwanzo. Safari hii watu wa Kibosho wakausali kwa Kiswahili, taratibu, mpaka msalaba ukasimamishwa.

Watu walipokwenda kula, Agnela alimkuta akikunja nyaya kwenye kiwiko.

"Shemeji, aliwahi kukuambia maana ya ule wimbo?"

"Hapana."

"Na wewe hukumuuliza?"

"Nilimuuliza." Abdiel akafikiri kidogo. "Aliniambia nipime besi."

Agnela akacheka, na kicheko kikamgeuka kikawa kilio, akajifunika uso kwa kanga. Abdiel alisimama mbele yake, macho makavu. Baadaye kidogo akamwomba kwa upole asogee, maana alikuwa amekanyaga waya.