Wanane Kati ya Kumi

Nong Crispulo (Nong ndivyo tunavyomwita mwanamume mkubwa kwa heshima, na mwanamke Nang) alikuwa fundi mitambo wa meli maisha yake yote ya kazi, na aliporudi mtaani kwetu Molo kustaafu aliikuta nyumba imenyamaza. Mkewe Soledad alifariki yeye akiwa baharini. Binti yao, Marivel, alikuwa akishinda benki. Mimi naishi nyumba ya pili, nashona nguo, na kwa muda mrefu nilichosikia kutoka kwake ni redio na kikohozi. Halafu asubuhi moja nikamsikia anacheka.

Ilikuwa simu. Mabaharia vijana walimfundisha mchezo melini, ule wa vita vya watu watano kwa watano, na sasa alikuwa ameurudia. Mle mchezoni aliitwa Makina. Kazi yake ilikuwa kuwaponya wenzake wakijeruhiwa kwa kuwatumia nguvu, maana, alivyoniambia, vidole vyake havina tena kasi ya kuua mtu. Kila siku baada ya kahawa alivaa hedifoni, akaketi barazani kwenye kiti cha mianzi, akaingia vitani. Mwenzake wa kudumu aliitwa Bulawan, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza kwa sababu ya mtandao mbovu. Huyo alikuwa haambiliki: vita vikianza tu, yeye yuko mbele, na ndiye wa kwanza kupigwa.

Marivel hakujua lolote. Alikuja kujua Jumamosi moja alipokuwa nyumbani na mafua. Hedifoni ziligoma, simu ikatoa sauti nje, naye akiwa kitandani akasikia mwanamke anapiga kelele: "Makina, nakufa! Nisaidie haraka! Tuma sasa hivi, tuma yote uliyo nayo!"

Na baba yake akajibu, "Natuma, Bulawan, natuma. Usife tu."

Alinijia na shuka mabegani, miguu mitupu.

"Nang Conching, baba anatapeliwa!"

"Na nani tena?"

"Kuna mwanamke anajifanya anakufa, anataka atumiwe. Benki tunaletewa kesi hizi kila kukicha, na wajane ndio wanaonaswa kwanza."

"Mbona ule ni mchezo tu, mwanangu. Anataka kuponywa."

"Mchezo? Nimesoma gazetini, Nang. Wamefanya utafiti. Wachezaji wanane kati ya kumi ni vijana. Sasa niambie, kijana gani atashinda asubuhi nzima na mzee wa miaka sitini na sita? Kama si tapeli ni nani?"

Hata mimi, nikisikia mtu anacheza mtandaoni, wanaonijia akilini ni wale wavulana wa duka la kompyuta, macho mekundu, nywele hazijaona kitana.

Marivel alimkabili baba yake siku hiyo hiyo. "Mwambie mkutane. Mchana, mbele za watu. Akikataa, ujue umeshaibiwa."

Nong Crispulo hakubishana naye. Alikuja uani kwangu akasimama karibu na kamba ya nguo, anavuta vuta kibanio.

"Unaogopa ni tapeli?" nikamuuliza.

"Tapeli nini! Naogopa aje anione." Akacheka kidogo, bila furaha. "Yeye anamjua Makina. Huyu Crispulo hajawahi kumwona. Vijana wakigundua kuna mzee mchezoni wanamwambia akanywe dawa alale. Nimewasikia mara nyingi. Nikawa nanyamaza."

Ujumbe aliutuma hata hivyo. Bulawan, aliyezoea kujibu papo hapo, alikaa kimya hadi kesho yake. Kisha akakubali: Jumapili baada ya misa, kwenye kibanda cha batchoy, supu yetu ya tambi, ndani ya soko la La Paz hapa hapa mjini, meza ya kona.

Tulienda watatu. Nong Crispulo alivaa shati la harusi za watu, akajipaka mafuta nywele chache alizobakiwa nazo. Tukaagiza bakuli za tambi. Yake hakuigusa. Kila msichana aliyepita, Marivel alimkazia macho kama polisi.

Akaingia jamaa mmoja mnene, amekunja mikono kifuani. Akazungusha macho, akaja moja kwa moja mezani kwetu.

"Makina yuko wapi?"

Marivel akasimama. "Wewe nani? Ndiwe unayejiita Bulawan?"

"Mimi mwanawe. Na huyo Makina ajitokeze, asijifiche nyuma ya mzee wa watu."

"Mzee ndiye Makina!"

Jamaa akaikunjua mikono. Nyuma yake akachungulia mama mdogo wa umbo, goti limefungwa bandeji, mkoba ameukumbatia.

"Makina?" akasema. "Makina wangu ni wewe?"

"Ni mimi, Nang," Nong Crispulo akajibu, akiinuka nusu. "Samahani. Ni mimi."

Yule mama akaketi kwa kishindo, akajipepea kwa kiganja. "Mungu wangu, ahsante! Nilijiandaa kukutana na kijana wa miaka ishirini mwenye hereni. Nimekosa usingizi! Nikasema, akiniona tu, atanifukuza kwenye kikosi."

Nong Crispulo alitoa leso akafuta uso mzima, na nilipomtazama tena mabega yake yalikuwa yameshuka, kama mtu aliyetua gunia.

Jina lake lilikuwa Teodora, ila wote humwita Nang Doray. Mkunga mstaafu wa kisiwa cha Guimaras. Mwanawe Rodel ni mwalimu.

"Msinione mbaya," Rodel akamwambia Marivel. "Nilisoma wachezaji wanane kati ya kumi ni vijana. Nikajua huyu ni kijana mhuni anamchezea mama yangu."

"Gazeti lile lile!" Marivel akatoa simu, akaitafuta habari, akaanza kuisoma kwa sauti. "'Kati ya vijana kumi, wanane hucheza...'" Akarudia polepole. "Kati ya *vijana* kumi. Haisemi kati ya wachezaji. Jamani! Wametuambia vijana wengi wanacheza. Nani wengine wanacheza, hawakusema kabisa."

"Na sisi tukaigeuza," Rodel akasema, akijipiga paji la uso. "Ni kama useme watoto karibu wote wanapenda tambi. Haya, hapa mezani tambi zimejaa, mtoto ni nani?"

"Ni baba, anasusia chakula," Marivel akajibu, nao wakacheka, wale walinzi wawili waliokuja kukamatana.

Nilimuuliza Nang Doray kwa nini hukimbilia mbele kila mara hadi anakufa.

"Kazi yangu yote ilikuwa kusubiri," akasema. "Watoto wa watu wanazaliwa wanapotaka wao. Kule mchezoni simsubiri mtu."

Wakatoa simu zao, wakacheza pale pale, bakuli zimesukumwa kando. Nang Doray akapiga kelele, "Nakufa! Tuma!" na soko zima likageuka. Walishindwa vibaya. Marivel alicheka hadi kikohozi cha mafua kikamrudia, ikabidi nimpige mgongoni.

"Mbona hukuniambia, baba?" aliuliza alipopata pumzi.

"Ungesema nimezeeka."

"Ningesema, kweli."

"Basi."

Nong Crispulo akavuta bakuli yake. Supu ilikuwa imepoa na mafuta yameganda juu; aliinywa yote hivyo hivyo, kisha akamwita muuzaji amletee nyingine, ya moto.